Chumba cha Mizani

Walimkalisha MaHadebe mbele kabisa, kwenye kiti cha katikati, kiti pekee chenye mto. Kushoto kwake alikaa shemeji yake, mzee Mfanafikile Dladla, kavaa koti la misibani kwa kuwa hana lingine. Kulia alikaa jirani yake MaCele, ambaye hakualikwa kukaa mbele, lakini nani angethubutu kumwinua? Ukumbi wa mtaa wa Nhlangwini, lokesheni kama wanavyoiita, ulikuwa umefurika tangu mchana. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili jua lisiingie, na ukutani kumetandazwa shuka jeupe la kuonyeshea filamu.

"Leo umekuwa bibi harusi," MaCele alimnong'oneza. "Hata mchungaji kawekwa nyuma yako."

"Hebu nyamaza."

"Ninyamaze nini? Ukishakuwa mtu wa filamu utatukumbuka sisi wa kuazimana chumvi?"

MaHadebe alicheka kidogo, akaficha kicheko kwa kitambaa. Hakuja pale kwa raha. Filamu yenyewe ilikuwa ya mwanawe, Mthunzi, aliyeuawa miaka kumi na mmoja nyuma akitoka kazini kwenye kiwanda cha sukari. Waliomuua walikamatwa, wakafungwa, dunia ikaendelea na mambo yake. Vijana wa siku hizi walikuwa wameanza kusema "yule aliyegongwa na gari darajani". Jambo hilo lilimuuma MaHadebe kuliko alivyopenda kuonyesha. Ndiyo maana watu wa filamu walipobisha hodi, aliwafungulia.

Na mwongozaji wao hakuwa mtu wa kumfungia mlango. Kelebogile, au Kele kama alivyotaka aitwe, alikuwa msichana wa Johannesburg, mwembamba, mwenye adabu zake. Siku ya kwanza alivua viatu mlangoni, akashika kisu akamenya maboga, akaosha na vyombo. Alimwita "Ma" tangu salamu ya kwanza. MaHadebe akilia, naye analia. MaCele ndiye peke yake aliyemtilia shaka, akasema mtoto anayelia upesi hivyo nyumbani kwa wenyewe lazima ana lake. Lakini MaCele humtilia shaka hata mchungaji.

Taa zikazimwa.

Mwanzoni ilikuwa nzuri, tusimnyime mtu haki yake. Mashamba ya miwa yalionekana kutoka juu, kijani hadi baharini. Ukapita moshi wa kiwanda, ikapita na picha ya Mthunzi akiwa darasa la saba, soksi moja imeteremka, na ukumbi mzima ukacheka kwa upendo. Kisha akatokea kijana wa kuigiza, mtu wa Durban, anatembea jioni na mkate kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa na bega la Mthunzi lile la kuinamia upande. MaHadebe alishika mkono wa MaCele akaubana.

Halafu ikaja sura yake mwenyewe, kubwa ukuta mzima. Kakaa kwenye kiti, dirisha nyuma yake, chupa ya chai miguuni. Alikumbuka vizuri siku ile. Kele alikuwa amesema nyumbani hapafai kurekodia, kuku wanapiga kelele na redio ya MaCele haizimwi, kwa hiyo wakaenda kwenye kile chumba cha zamani cha mizani ya miwa, hapo ng'ambo ya bonde. Kampuni iliyokuwa ikipimia pale ilishahama, chumba kimebaki na mizani yake ya chuma imeota kutu. Kele alisema mwanga wa dirisha lile ni mzuri sana. MaHadebe alikuta pachafu, akaona aibu kuwakalisha wageni mahali vile, akaazima ufagio kwa walinzi wa shamba akapafagia mwenyewe. Aliwaletea na maandazi.

Sasa ukutani sauti yake ilikuwa ikieleza jinsi alivyomchukua mwanawe darajani. Kila mtu ukumbini alijua habari hiyo, maana kila mmoja wao amewahi kuifanya au ataifanya. Mtu akifia njiani, roho yake inabaki palepale alipoangukia, haijui pa kwenda. Wa kwao lazima waende na tawi la mphafa, ule mti wa miiba, wauguse udongo ule, wamwite kwa jina, wamwambie twende nyumbani. Atalishika tawi, nao watamleta hadi umsamo, kule ndani kabisa mwa nyumba ya mviringo ambako wazee wa ukoo waliotangulia wanakaa. Asipochukuliwa, anabaki nje.

"Nikamwambia, Mthunzi, mwanangu, hapa si kwenu," ilisema sauti yake ukutani. "Inuka twende. Nikamleta. Sasa yuko nyumbani, analala kwake. Hilo ndilo linalonipa usingizi mimi pia."

Filamu ikaonyesha daraja likiwa tupu, ukungu unapita. Wanawake wakaanza kuvuta kamasi. MaCele mwenyewe alijifuta kwa ncha ya kilemba.

Kisha shuka likawa jeusi. Likakaa jeusi muda mrefu hadi mtu mmoja nyuma akauliza kama umeme umekatika.

Sauti ya mwanamume ikasema gizani, "Haikuwa darajani."

Uso ukatokea nusu. Nusu nyingine iko kizani. Kila mtu alimtambua: Bhekuyise, mmoja wa wale waliofungwa, amenenepa gerezani, kichwa kimeanza mvi. Aliongea polepole, macho chini.

"Mahakamani tulisema darajani kwa sababu ndipo alipookotwa. Hakuna aliyetuuliza zaidi. Pale tulimpeleka kwa toroli, ionekane kagongwa na gari. Alikuwa ameshakufa. Tulimmalizia kwenye chumba cha mizani. Hakufa upesi. Alikuwa anamwita mama yake."

Na hapo, jamani, ndipo watu wa filamu walipofanya ile kazi yao wanayosifiana. Sura ya MaHadebe ikarudi, kakaa vilevile kwenye kiti, anamimina chai, anacheka jambo fulani. Kamera ikaanza kurudi nyuma taratibu. Likaonekana dirisha lote, kioo chake kimoja kimepasuka. Ikaonekana mizani ya chuma. Ikaonekana pembe ya chumba, na kwenye pembe ile, chini, yule kijana wa kuigiza amelala kajikunja, mkate umemwagika. Mama yuko kwenye kiti, mtoto yuko sakafuni, chumba ni kimoja. Mama anacheka.

Ukumbi mzima ulitoa sauti moja, sauti ya kuvuta pumzi. Mtoto akaanza kulia nyuma bila kujua analilia nini.

MaHadebe hakulia. Akawa haoni tena kinachoonyeshwa, anaona tu ule ufagio wa kuazima. Alikuwa ameanza na pembe ileile, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na uchafu mwingi. Aliinama, akakwangua kitu kilichoganda sakafuni kwa ukucha, akadhani ni matope.

"MaCele," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Pale nilipafagia mimi."

"Usiangalie, dada. Usiangalie tena."

"Nilipafagia kwa mikono yangu."

Mzee Mfanafikile akasimama, kivuli chake kikafunika shuka lote. "Washeni taa," alisema. Hakupaza sauti, lakini taa ziliwashwa.

Walimtoa nje wakamkalisha kwenye ngazi za ukumbi. Watu walisimama mbali kidogo, kama wanavyosimama msibani kabla jeneza halijafika. Kele alitoka akikimbia, macho mekundu, akapiga magoti chini ya ngazi.

"Ma," alisema. "Ma, samahani. Nilidhani utaelewa ukiiona yote. Ilikuwa nzito hata kwangu mimi."

MaHadebe akauliza, "Ulijua lini?"

"Kabla sijaja kwako. Tulianza na gerezani."

"Kwa hiyo nilipokuwa nakueleza nilivyomchukua darajani, ulikuwa unajua hakuwepo darajani."

"Ndiyo, Ma."

"Na ukawa unanitikisia kichwa."

Kele alifuta pua kwa mkono. "Ningekuambia mapema usingezungumza vile. Ungekuja pale umeshavunjika. Watu wangeona mama aliyevunjika, basi, wamezoea kumwona. Lakini mama anayeamini, halafu wao ndio wanajua asichokijua yeye, hilo linawaingia. Hadithi ina njia yake, Ma. Jambo kubwa linawekwa mwisho. Sikufanya kwa ubaya. Nilitaka wamlilie Mthunzi."

"Linawekwa mwisho," alidakia MaCele. "Mtoto wa watu umemweka akiba kama nyama ya Krismasi."

"Mwache," alisema MaHadebe. "Kele, mwanangu, nisikilize. Siku ile tulipomaliza, nilikunja kiti. Nikachukua chupa yangu ya chai. Nikakuuliza pale mlangoni kama kuna kitu tumesahau. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Msichana alifunika uso kwa viganja.

"Ulisema hatujasahau kitu. Nikafunga mlango."

Hapo ndipo sauti yake ilipokatika. Watu waliokuwa karibu waligeuza nyuso. Walielewa wote hesabu ile mbaya, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tawi lililokuwa umsamo kwa MaHadebe miaka yote hii halikuwa na mtu. Lilitoka darajani tupu, likaletwa tupu, likapokewa kwa mbuzi na pombe ya mtama, likalazwa. Na mama huyu kila Jumapili anakwenda kulipigia magoti kuliambia habari: dada yako kajifungua, paa limevuja, nimepata miwani. Aliongea na ukuni. Mwenyewe alikuwa ng'ambo ya bonde, kwenye chumba ambacho ukisimama jikoni kwa MaHadebe unaliona bati lake. Na siku moja mama yake akaja kweli, akaingia, akakaa, akataja jina lake, akacheka, akanywa chai, akaondoka zake.

Mtu angefikiria nini, akiwa sakafuni pale? MaHadebe hakuweza kuliacha swali hilo, wala halikumwacha.

"Jumanne tunakwenda kumchukua," alisema mzee Mfanafikile. "Mimi nitakata tawi."

Kele aliinua uso. "Ma, niruhusu nije. Bila kamera. Nije kama mtoto aliyekosa, nisimame tu mlangoni."

MaCele akaguna. Lakini MaHadebe alikuwa amelelewa kwamba anayeomba radhi kwa wafu hazuiwi, hata awe nani. "Njoo," alisema. "Njoo peke yako. Kile chuma chenu kisikanyage pale."

"Nitakuja peke yangu. Nakuahidi, Ma."

Jumatatu ilipita kwa kazi. Pombe ya mtama ilishapikwa na mabinti wa ukoo, mbuzi akafungwa kwenye kigingi, nyumba ya mviringo ikasiribwa upya. Mzee Mfanafikile alikwenda mwenyewe bondeni kukata tawi, akarudi kakwaruzwa na miiba mikono yote, maana mphafa haukatwi bila kukuachia alama. Jioni akamwita shemeji yake akamkalisha.

"Mara ile ya daraja tulikwenda wengi na kelele zilikuwa nyingi," alisema. "Sasa tutakwenda wawili. Ukishamwita, ukaona ameshika, hufungui mdomo kwa mtu mwingine yeyote mpaka umlaze umsamo. Salamu huitikii. Ukiitwa hugeuki. Wala mimi sisemi. Ukiongea na mtu mwingine, yeye atadhani umempa kisogo tena. Atakuachia hapohapo njiani, na mimi sijui neno la kumwita mtu mara ya tatu."

"Nimesikia, shemeji."

"Hata nyoka akikuuma mguuni."

"Nimesikia. Aniume tu."

Waliondoka asubuhi, umande ukiwa bado kwenye miwa. Kele alikuwa kashafika, kasimama kando ya mlango wa chumba cha mizani, sketi ndefu, kichwa kafunga kitambaa, mikono mitupu. MaHadebe alimwona akashukuru moyoni. Alijisemea, ama kweli mtoto akifunzwa hufunzika. Hakumsalimu, Kele naye akainamisha kichwa.

Ndani palikuwa na baridi. Ile pembe ilikuwa safi, kwa sababu aliifagia yeye. MaHadebe alipiga magoti, akaweka ncha ya tawi sakafuni. Darajani maneno yalimtoka yenyewe, hapa yalikwama, maana hapa palikuwa na la kuomba radhi kwanza.

"Mthunzi," alisema. "Ni mimi. Ni mama. Waliniambia darajani, mwanangu, nikaenda darajani. Halafu nikaja hapa, nikakaa na wageni, nikanywa chai, nawe ulikuwepo. Sikujua. Naapa kwa baba yako aliye chini ya ardhi, sikujua. Uliniita nisikusikie, na nilipokuja sikukuita. Nisamehe. Kama umekasirika una haki, kasirikia nyumbani. Hapa si kwenu. Inuka, baba. Mama amekuja kweli sasa. Shika, twende."

Mzee Mfanafikile akamwita naye, kwa majina ya babu zake mmoja baada ya mwingine, hadi pale majina yanapoishia. Kisha wakanyamaza. Tawi likawa zito mikononi mwa MaHadebe, mtu asimwambie ni mawazo, yeye ndiye aliyelishika. Uzito wa mtu aliyelala na sasa anajiinua kwa kukushika bega. Machozi yakamtoka kwa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu kijana yule azaliwe. Akainuka, akageuka, akatoka.

Nje palikuwa na kamera.

Mpiga picha wao mrefu, Ruan, yule aliyerekodi siku ile ya chai, alikuwa kasimama hatua chache mbele ya mlango, begani kile chuma, taa nyekundu inawaka. Kijana mwingine alikuwa nyuma yake na maikrofoni yenye manyoya juu ya fimbo. Kele alisogea upesi pembeni, akaanza kutembea sambamba na MaHadebe, anaongea kwa sauti ya chini, ya upole, ile sauti yake ya kumenya maboga.

"Ma, nisikilize kwanza. Wakubwa walinipigia jana kutoka Johannesburg. Wamesema filamu haiwezi kuishia pale inapoishia, watu watatoka na uchungu tu. Wanataka uponyaji. Nikawaambia siwezi kuamua mimi, nitamuuliza mwenyewe. Ni haki yako, Ma. Ukisema hapana tunazima sasa hivi, tunaondoka, hutatuona tena. Neno moja tu."

Neno moja tu. MaHadebe alilihisi mdomoni, limeshafika kwenye meno. Halikuwa neno kubwa. Alibana midomo, akatazama mbele, akaendelea kutembea.

"Ma? Tuendelee?"

Ruan alikuwa anarudi kinyumenyume mbele yake, jicho lile la kioo limemkazia usoni. Mzee Mfanafikile, ambaye naye mdomo wake ulikuwa umefungwa, aliinua fimbo yake juu. Ruan alirudi hatua moja, akaipiga picha fimbo.

"Asante, Ma," alisema Kele taratibu. "Asante kwa kutuamini tena."

Jamani, kuna mambo mtu akisimuliwa atasema yametiwa chumvi. Mama yuko barabarani na mwanawe mkononi, ndio kwanza amempata. Akisema "hapana", anampoteza. Asiposema, anashukuriwa. Kila hatua aliyopiga bila kusema, wao wakaihesabu kuwa ndiyo. Hasira ilimpanda hadi masikio yakawa yanavuma. Akamwambia mwanawe moyoni, maana huyo ndiye pekee aliyeruhusiwa kuongea naye, shika vizuri, usiwaangalie, hawa si wa kwetu.

Walishuka bondeni, wakapanda upande wa lokesheni. Habari ilishafika. Wanaume walivua kofia. Wanawake walitoka majikoni wakasimama kwenye mageti, mikono kifuani, bila sauti. Mwenye duka alizima redio. Lokesheni nzima ya Nhlangwini, ambayo hata mazishini haijawahi kunyamaza, ilinyamaza. Kilichosikika ni viatu vya Ruan kwenye changarawe.

MaCele alikuwa kwenye geti lake. Aliona tawi, akajifunika mdomo kama wengine. Kisha akaona kamera. Akaitazama, akamtazama Kele, akateremsha mkono mdomoni. Yeye hakuwa kwenye msafara, mdomo wake ulikuwa wake. Akatoka akasimama katikati ya njia, kati ya Ruan na MaHadebe, kanyoosha mikono kama anazuia ng'ombe.

"Zimeni hilo dude."

"Tafadhali, Ma," alisema Kele. "Tuna ruhusa."

"Ruhusa ya nani? Hataki huyu. Mimi nakwambia hataki."

"Yeye mwenyewe hajakataa. Nimemuuliza zaidi ya mara moja."

MaCele alimtazama msichana yule kama anamwona leo. Alipojibu, hakupiga kelele. Aliongea kama mtu anayemweleza mgeni choo kilipo.

"Hajakataa kwa sababu haruhusiwi kuongea. Kambeba mtu pale. Akikujibu wewe, mwanawe anabaki hapa njiani, kwenye vumbi hili, milele. Hukuambiwa? Hukuuliza? Maswali yote yale uliyomuuliza kule chumbani, hili hukuuliza?"

Ni kweli hakuuliza. Siku ile ya mahojiano MaHadebe alikuwa ameanza kueleza utaratibu wa njiani, na Kele akamkatiza kwa upole akamwomba aeleze zaidi alivyojisikia.

MaHadebe alisimama. Ilibidi, njia ilikuwa imezibwa. Alikuwa karibu na Kele kiasi cha kuziona kope zake. Aliona uelewa ukimwingia msichana yule. Uliingia wote, haukubaki nusu. Rangi ikamtoka usoni, mkono ukapanda kifuani. Macho yao yakakutana, na MaHadebe, asiyeweza kusema, alimwomba kwa macho yote aliyokuwa nayo. Alimwomba kama mtu anavyomwomba mwanawe wa kumzaa. Zima, mwanangu. Umeshajua sasa. Zima.

Kele aligeuka. Akamwendea Ruan, akaweka mkono mgongoni pake.

MaHadebe akashusha pumzi.

"Kuna shimo nyuma yako," Kele alimwambia Ruan kwa sauti ndogo. "Pita kushoto. Usiupoteze uso."

Na akamwongoza hivyo, mkono mmoja mgongoni, mwingine kwenye kiwiko, kinyumenyume, asijikwae. Machozi yalikuwa yakimtiririka mashavuni, ya kweli kabisa, na hakuyafuta kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

MaCele alibaki katikati ya njia. Ruan alimzunguka. Watu kwenye mageti waliona yote, na hakuna hata mmoja aliyeongeza neno, kwa kuwa tawi lilikuwa linapita. Hata MaCele, domo lile, alijikuta anasogea pembeni, anainamisha kichwa.

Zilikuwa zimebaki nyumba chache. MaHadebe alizitembea akiwa na kile kioo mbele ya uso wake. Aliacha kukibania chochote. Kama wanataka uso, wachukue uso. Alichokuwa nacho mkononi hawakuwa na kamera ya kukipiga. Mzee Mfanafikile alisukuma mlango wa nyumba ya mviringo, akampisha aingie, kisha akageuka akasimama mlangoni kwa mwili wake wote, koti la misibani limefungwa vifungo hadi shingoni. Hapo hata Ruan alikoma.

Ndani, MaHadebe alipiga magoti umsamo. Alilitoa lile tawi kavu la miaka yote, akaliweka kando, akalilaza hili la kijani mahali pake.

"Umefika," alisema. Sauti ilimtoka na mkwaruzo, kama ya mtu aliyeamka usingizini. "Umefika, baba. Hapa ni kwenu. Huyu babu yako, huyu baba yako. Lala."

Alikaa pale hadi magoti yakafa ganzi. Kisha akainuka, akatoka nje kwenye jua.

Kele alikuwa kakaa chini, kaegemea ukuta wa zizi, kitambaa kimemtoka kichwani. Ruan alikuwa anafunga kamera kwenye begi lake, zipu inamkwama. MaHadebe aliwaendea. Mdomo wake sasa ulikuwa huru, na neno lilikuwa palepale lilipokuwa limengoja.

"Hapana," alisema.

Kele aliinua uso uliovimba kwa kulia. "Tumeshamaliza, Ma," alisema. "Tumeshapata."

MaHadebe aliwatazama wote wawili, kisha akageuka. Akarudi ndani, akafunga mlango, akakaa chini karibu na mwanawe, akaanza kumweleza ni nani waliokuwa mbele yao njia nzima na kwa nini hakuwafukuza.